Shangazi Asiyemo Kitabuni

Kama kuna mtu aliyewahi kumwona Mama Tona amekaa kitako akatulia, basi na ajitokeze atuambie alikuwa anaumwa nini siku hiyo. Mwanamke yule alikuwa na miguu isiyojua kupumzika. Akitoa kopi, mguu mmoja unapiga sakafu. Akingoja karatasi zitoke, anapanga kalamu, anazipangua, anafuta kioo alichokifuta sasa hivi, anachungulia mlangoni aone nani anakuja na nani anapita tu. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichopakana na ukuta wa shule ya sekondari: mashine kubwa ya fotokopi katikati, rafu za karatasi, meza ya kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi, na karibu na mlango benchi la mbao la wateja. Jina hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi, siku alipobadilisha tona, ule unga mweusi wa mashine, kwa haraka zake, ikammwagikia hadi kwenye nyusi, akatoka nje kuomba maji. Aliwafukuza kwa ufagio, wakakimbia nalo jina, na tangu hapo hata wakubwa wakamwita hivyo.

Mashine nayo ilikuwa na tabia zake. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika mahali pengine, na ikitoa kopi nyingi mfululizo ilipata joto ikaanza kutafuna karatasi kama mbuzi. Kwa hiyo sheria ya duka ilikuwa moja: rundo likiisha, mashine inapumzishwa. Mama Tona anafungua kifuniko, anaipepea kwa kipande cha boksi, na foleni inangoja. Sasa mteja akingojeshwa huguna, akishaguna huondoka, na akishaondoka huenda kwa jirani. Ndipo ulimi wa Mama Tona ulipoingia kazini, nao hakuna aliyewahi kuulalamikia kuwa unapata joto.

Shule ile ilikuwa inasomesha utenzi wa kale, wa mfalme aliyemfukuza mwanawe wa pekee kwa fitina ya waziri, akaja kuujua ukweli mwana ameshafia ugenini. Beti mia sita na ushei. Kitabu chake hakikuchapwa tena tangu zamani. Shule ilibaki na nakala moja tu iliyoshikwa kwa gundi na maombi, na kila mwaka nakala hiyo ililetwa kwa Mama Tona aitolee kopi darasa zima la mtihani. Ilibidi aiweke kiooni ukurasa kwa ukurasa, kwa mkono, na ili asiruke ukurasa alikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti ubeti wa kwanza na wa mwisho wa kila mmoja. Miaka ikaenda hivyo. Utenzi ukamwingia kidogo kidogo, naye hata hakujua kwamba amekwisha kuujua.

Wanafunzi hawakuupenda hata chembe. Siku moja msichana mmoja, ameketi benchini na kopi yake bado ina joto, alisoma mistari minne akaifunika usoni.

"Mama Tona, hii ni lugha ya watu au ya majini?"

Mama Tona alimnyang'anya karatasi akasoma:

Kanyosha wake mkono
Akauma yake meno
Asinene lake neno
Mwana akenda zakiye

"Haya, sikilizeni nyie. Mshua kanyoosha mkono: mlango ule pale. Meno kayauma, maana akifungua mdomo tu atalia, na mfalme halii mbele ya waziri wake. Hakusema kitu. Dogo naye akaona isiwe tabu, akasepa. Ugumu uko wapi hapo?"

Benchi lilicheka. Msichana akaomba ubeti unaofuata, na unaofuata, hata mashine ilipopoa hakuna aliyeulizia kopi zake. Kuanzia hapo mapumziko ya mashine yakawa na wenyewe. Waziri mfitini akawa chawa wa mzee, wa kumsifu na kumnong'oneza. Walinzi wa lango wakawa mabaunsa. Vita vya beti sabini vikawa timbwili, na Mama Tona alilipigana lote kwa kipande chake cha boksi, huku na huku, mpaka mzee mmoja aliyekuja na hati ya shamba akasogeza kichwa kuokoa miwani yake. Walianza kuja hata watu wasio na karatasi yoyote ya kutoa kopi, wakisema wanapita tu kusalimia, kisha wanakaa.

Katika watu wa benchi, mmoja hakuwa mteja wala mwanafunzi. Alikuwa mdogo wake Mama Tona, kitinda mimba, ambaye dada yake alimlea tangu mama yao alipofariki. Kazi yake ilikuwa hospitalini, kusukuma vitanda vya wagonjwa, na mtaa ulimwita Daktari, kwanza kwa kejeli, kisha kwa mazoea. Alitaka kuwa muuguzi. Mikono yake ilikwisha kuwa ya muuguzi: alijua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na kumnyamazisha mtoto kwa kumwonyesha magurudumu yanavyozunguka. Kilichomkwamisha ni Kiswahili, na ndani ya Kiswahili ni fasihi, na ndani ya fasihi ni huo huo utenzi. Ameufanya mtihani wa sekondari mara mbili, mara mbili amerudi na uso chini. Safari hii muuguzi mkuu alimwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, nafasi ya chuo nimekushikia mwaka huu. Mwakani nastaafu. Atakayekuja simjui, wala yeye hakujui." Kwa hiyo ilikuwa kufa kupona, na Mama Tona aliibeba habari hiyo kifuani asubuhi mpaka jioni, ndiyo maana, nadhani, hata ile miguu ilizidi.

Na sasa Daktari alikuwa anacheka. Alikaa mwisho wa benchi na sare yake ya kazi, anacheka mpaka anashika mbavu, na kesho yake anaweza kukusimulia kisa chote kwa mpangilio. Aliwasimulia hata wagonjwa aliokuwa akiwasukuma. Bibi mmoja aliyekuwa akipelekwa kupasuliwa nyonga alimwambia apunguze mwendo, hawezi kulazwa usingizi hajajua chawa alifanywa nini. Dada yake aliposikia hayo alifurahi hadi akampa mteja kopi za mtu mwingine.

Sasa tufike kwenye kosa. Mchana mmoja kulikuwa na joto, na mashine ikagoma kupoa. Mama Tona alikuwa amefika pale mwana anapoondoka. Baada ya hapo utenzi una beti karibu arobaini za kusifia malango na kuta na farasi, wala hakuna mtu anayesema neno. Alizipita zote kwa pumzi moja. Mashine bado moto. Foleni ikaanza kuhamahama miguu, na mzee wa hati ya shamba akasimama, akakunja karatasi zake, akatazama mlango.

"Mara mlango ukagongwa," akasema Mama Tona. "Nani? Shangazi!"

Mzee akageuka. "Shangazi gani tena?"

"Dada yake mfalme. Kwani wafalme hawana dada? Kaingia kipochi kwapani, hata viatu hajavua, anapita katikati ya mabaunsa kama hawapo. Anamwambia, 'We kaka, hebu nitazame. Taji ni lako, sawa. Na akili, umeiazima kwa nani?'"

Mzee aliketi. Alicheka mpaka hati ikadondoka.

Baada ya hapo Shangazi hakuzuilika. Kila mashine ikipumzishwa, anagonga. Alimchapa chawa kwa kipochi mbele ya baraza zima. Alimwambia mfalme, "Mtoto huyu nilimbeba mgongoni mimi, wewe uko vitani unagombea mipaka ambayo hata kuionyesha huwezi. Leo unamfukuza kwa maneno ya chawa?" Hapo watu walicheka, na wawili watatu wakajifuta macho kwa siri. Tusimwonee Mama Tona tukasema alifanya yote kwa ajili ya foleni. Nyumba ile ya kifalme ilikuwa imemchosha. Kila mwaka anatoa kopi, kila mwaka anafika pale kijana anatolewa nje, nyumba imejaa watu tele, na hakuna hata mmoja anayefungua mdomo. Mwanamke asiyeweza kumwona mteja akirukwa kwenye foleni akanyamaza, ataivumilia vipi nyumba kama ile? Ila hakuwaambia watu kwamba Shangazi ni wake. Mwanzoni hakuona haja, na baadaye alikuwa ameshachelewa.

Ukaja mtihani wa majaribio. Wanafunzi wa shule waliufanya, na Daktari, kama mtahiniwa wa nje, akaruhusiwa kukaa nao. Wiki iliyofuata mwalimu wa fasihi aliingia dukani, mtu mpole wa kikoti cha kahawia, mvua kikoti, jua kikoti. Akaweka bunda la karatasi juu ya kioo.

"Sikuja kutoa kopi, Mama Tona. Nimekuja kukusomea." Akavaa miwani. "'Shangazi ni mhusika mkuu anayewakilisha wanawake jasiri.' Huyo mmoja. 'Kwa kutumia kipochi, mshairi ameonyesha jinsi mwanamke anavyojitegemea kiuchumi.' Huyo mwingine. Kipochi, mama! Utenzi huu ulitungwa hata suruali hazijulikani, kipochi kimetoka wapi?"

Mama Tona alijikaza. Akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, na mwalimu naye, ingawa alikuja na hasira zake zimepangwa vizuri, akaanza kutikisika mabega. Walicheka pamoja mpaka mwalimu akavua miwani kuifuta.

"Darasa zima?" akauliza Mama Tona.

"Isipokuwa wawili. Hao walikuwa wanaumwa, hawakuja kwako."

Kisha mwalimu akavuta karatasi ya chini kabisa, na safari hii hakucheka. "Huyu ni mdogo wako. Ameandika kurasa tatu. Nakwambia kweli, ameandika vizuri kuliko wote: hoja zimepangwa, mifano ipo, lugha inasomeka. Kurasa tatu nzima juu ya mtu ambaye hayumo kitabuni. Nimempa sifuri. Sikuwa na la kufanya. Asiyekuwepo na lake halipo, na siku ya mtihani wenyewe mtahini hatakuwa na muda wa kucheka na mtu."

Mama Tona aliipokea karatasi ile. Mwandiko wa mdogo wake aliujua tangu akiwa anaandika a na e sakafuni kwa chaki. Alisoma mstari wa kwanza, "Katika utenzi huu Shangazi ndiye pekee aliyemtetea mwana," akaurudia. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga hawakukosea. Ila yeye alikuwa amelichuma akiwa anachekwa na kushangiliwa, na mwenye kulila ni mtoto aliyemlea.

Siku hiyo hiyo alitangaza mbele ya benchi. "Jamani, nisikilizeni. Shangazi hayumo. Nilimtunga mimi, mashine ilikuwa moto. Mfuteni."

Ungedhani ametangaza msiba. Wanafunzi walipiga kelele. Mzee wa hati, ambaye hati yake ilikwisha kopiwa siku nyingi na hakuna aliyejua bado anafuata nini, alisema, "Mimi yule mama nimemwamini kuliko ndugu zangu wa damu. Leo unaniambia hayupo?" Kijana mmoja akatoa ushauri: kama lazima aondoke, basi afe, watu wamlie wamsahau. Mama Tona, kwa haraka zake, akaona ni wazo. Pumziko lililofuata akamuua Shangazi kwa homa, akamzika, na mazishi yakawa matamu kuliko uhai. Kesho yake mwalimu alipita nje ya duka akasema kwa kuchoka kwamba darasani ameulizwa kaburi la Shangazi liko ubeti wa ngapi.

Daktari alikuja jioni, anatoka zamu. Karatasi yake ilikuwa mezani.

"Dada, Shangazi hayumo?"

"Hayumo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mdogo wangu."

Akaitazama ile sifuri. "Mimi nilimtafuta, unajua? Nilikisoma kitabu chote, mara ya pili nikarudia, namtafuta yeye. Sikumwona. Nikasema ni mimi, kama kawaida yangu. Nikasema wenzangu wanamwona, mimi ndiye kichwa maji."

Mama Tona alizipanga kalamu, akazipangua.

"Wao kwako wanakuja kucheka," akasema Daktari. "Wakikosa hapa wana vitabu vingine, wana walimu, wana mwakani. Mimi nilikuwa na wewe tu." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatoka. Hakubamiza mlango wala hakupaza sauti, na afadhali angebamiza.

Baada ya hapo hakukanyaga tena dukani, na Mama Tona akawa si mtu wa kukaa karibu naye. Alibana karatasi kichwa chini. Alitoa kopi za cheti cha ndoa pande mbili, bwana upande huu, bibi upande wa pili. Watu wakiomba hadithi, anawaambia hadithi imeharibika, fundi hajaja. Alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mwisho akawaomba radhi wateja, akafunga duka mchana kweupe, akachukua kopi yake ya utenzi akaenda hospitalini.

Alimkuta Daktari katika ujia mrefu wa wodi, anasukuma kitanda kitupu.

"Niko kazini, Dada."

"Sukuma. Mimi nitasema."

"Useme nini? Shangazi amefufuka?"

"Nitasoma ubeti kwanza, kama ulivyo. Kisha nitausema kwa maneno yetu. Kilichomo ni kilichomo. Sitaongeza hata nukta."

Daktari alisukuma hatua kadhaa bila kumtazama. "Ukiongeza hata kikohozi," akasema, "nakuacha hapo hapo."

Akaanza. Na usifikiri ilikuwa rahisi, maana kumwambia Mama Tona asimulie bila kuongeza ni kumwambia mtu apige chafya bila sauti. Alimfuata nyuma ya kitanda, kila mchana duka linapopumzika, kutoka wodi hadi chumba cha eksirei, kutoka eksirei hadi kwenye stoo ya mashuka, karatasi mkononi, anasoma, anafasiri. Chawa aliruhusiwa kubaki, maana fitina yake imo. Mabaunsa walibaki, maana malango yamo. Lakini kila ulimi ulipotaka kuchepuka aliuuma, na Daktari alimwona anavyouma, na siku ya tatu au ya nne akaanza kutabasamu kidogo pembeni ya mdomo. Akawa anauliza maswali. Kwa nini mfalme anaitwa simba hapa na hapa kondoo? Kwa nini malango yanasifiwa sana, wakati yaliyo muhimu yanatokea ndani? Mama Tona hakujua yote. Aliyoshindwa aliyaandika pembeni akampelekea mwalimu, na mwalimu, kikoti na yote, alisimama naye ukutani akayajibu moja moja. Hakumsimanga hata mara moja.

Wakafika pale. Walikuwa kwenye stoo ya mashuka, Daktari anatandika vitanda viwili kwa ajili ya jioni. Mama Tona akasoma ule ubeti wa mkono na meno. Akausema. Akasoma unaofuata, wa lango la kwanza. Akausema. Lango la pili.

"Hapa ndipo alipokuwa anaingia," akasema Daktari.

"Ndipo hapa."

"Sasa anaingia nani?"

"Haingii mtu."

"Mama yake je? Ana mama, huyu mtoto."

Mama Tona akapekua. "Yuko. Ubeti mmoja. Amejifunika shela, analia."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Analia tu, kisha wanarudi kwenye farasi."

Daktari aliacha kuvuta shuka. Alisimama vile vile, shuka imeshikwa ncha mbili, akiwaza. Mama Tona aliona midomo yake mwenyewe inataka kufunguka, inataka kugonga mlango, inataka kuingia na kipochi. Akaifumba. Akageuza ukurasa, akaendelea na lango la tatu.

Siku ya mtihani hakufungua duka kabisa. Alikwenda kwenye ukuta wa shule akatembea, kutoka kona hadi lango, kutoka lango hadi kona, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Roho ilikuwa juu juu. Mwalimu alimkuta pale, naye alikuwa hana raha, maana walimu hawaruhusiwi kukaribia chumba, na wakatembea wote wawili bila kuzungumza, huyu akienda, yule akirudi.

Wanafunzi walipotoka, wa kwanza kukimbia alikuwa yule msichana wa majini. "Mama Tona! Swali la lazima! 'Jadili nafasi ya mwanamke katika utenzi huu.' Swali la Shangazi hilo!"

Mama Tona alishika ukuta. Kati ya maswali yote yaliyomo duniani! Angeulizwa mtu juu ya vita, juu ya tamathali za usemi, juu ya huyo waziri. Mwanamke, katika utenzi ule, ana ubeti mmoja na shela. Na vichwani mwa watoto wale kulikuwa na mwanamke aliyeshiba, mwenye maneno na kipochi, anangoja tu kuandikwa. "Umejibu nini?" akamuuliza msichana, lakini msichana alishaona uso wa mwalimu, na furaha ikamtoka. Akawafuata wenzake.

Daktari alitoka mwisho. Alipita karibu yao, anakimbilia zamu.

"Umeandika nini?" dada yake akamfuata. "Mdogo wangu, umeandika nini?"

"Nimejibu," akasema, na akaenda zake.

Hakusema zaidi ya hapo. Wiki zikapita, hasemi. Mama Tona alimpikia, akamfulia sare ambayo ilikuwa safi, akamzungukia kwa maswali ya mbali: eti chumba kilikuwa na hewa? Eti karatasi zilitosha? Daktari anakula, anashukuru, anaondoka. Usingizi wake dada ulikuwa wa kuibia. Kila akifumba macho anamwona mtahini fulani, mahali fulani, anafika kwenye neno Shangazi na kuchora sifuri. Duka alifungua, hadithi alizisimulia, lakini alisoma ubeti kwanza kila mara, na akifika pale anapita na malango bila kumtazama mtu. Mzee wa hati alikaa akasikiliza mara moja, akasema imekuwa ya kweli mno, akaacha kuja.

Matokeo yalibandikwa shuleni asubuhi. Mwalimu aliyasoma kwanza, akaja dukani anatembea haraka, kitu asichokuwa na mazoea nacho. "Amefaulu," akasema kabla hajavuka kizingiti. "Si alama ya kutundika ukutani, lakini inatosha chuo. Na fasihi ndiyo iliyombeba." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wako walioanguka, na si wachache, na yeye na Mama Tona wote wawili wakajua ni nani aliyewaangusha. Yule msichana wa majini alipita nje ya duka muda huo huo na wenzake. Hakugeuza uso.

Daktari alikuja mchana na sare yake, barua ya muuguzi mkuu ikichungulia mfukoni. Dukani kulikuwa na watu, mashine inanguruma. Mama Tona hakumpongeza. Alimkamata mkono.

"Sasa utaniambia. Uliandika nini?"

"Mbele za watu?"

"Mbele ya mtu yeyote! Nimekonda!"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka, akaegemea rafu.

"Nilikaa, Dada. Muda mrefu nimekaa na kalamu, wenzangu wanaandika. Alikuwa anagonga, nakwambia, namsikia kabisa. Sikumfungulia. Nikaangalia tu pale mahali pake, namna palivyo patupu." Akajikuna shingo. "Kwa hiyo nikaandika hivyo. Nikaandika kwamba katika utenzi huu mwanamke yumo ndani ya nyumba na hapewi neno hata moja, na ndiyo sababu mtoto amekufa. Nikaandika, hapa palifaa awepo mtu wa kusema, na mtungaji amepaacha wazi ili tumtafute."

"Ulijuaje kwamba mtungaji alitaka hivyo?"

"Si nilimtafuta? Kitabu kizima, mara mbili."

Mashine ilimaliza rundo ikanyamaza. Mama Tona alitaka kusema kitu cha kuchekesha. Alikuwa nacho, kilikuwa tayari mdomoni. Badala yake aligeukia mashine, akakiinamia kifuniko, akalia kwa sauti kubwa mbele ya foleni nzima, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia afanye haraka.